Nimeitwa nikawe fundi wikendi ya mbio za gari za tairi nje, niende nikijua nini?

fundi_maweni

Asalam aleikum wangwana, na wengine wote hamjambo. Niko Malindi, karakana yangu ndogo iko huku Maweni, riziki yangu ni tuktuk na pikipiki, gari pia nashika lakini ni hizi za kila siku, Probox, Noah, na Land Rover moja ya mzee wa Kitaliano ambayo nahisi itanizika.

Sasa sikilizeni. Mtoto wa ami yangu yuko Uingereza miaka kumi na kitu, yeye na wenzake wawili walichanga wakanunua gari kuukuu ya mbio, Formula Ford, ile ya kiti kimoja, haina paa haina mlango haina bampa, tairi zote nne ziko nje zimetoa macho. Wanashindana mbio za vilabu vya huko, si mambo ya kwenye TV, kila mtu Jumatatu ana kazi yake. Mimi nakwenda huko mwisho wa Septemba kwa harusi ya dadake, na wikendi inayofuata harusi wao wana mbio kwenye uwanja wa Brands Hatch, basi akanipigia akaniambia fundi usije na kanzu peke yake, tia na ovaroli.

Nimefurahi mpaka usingizi umekata lakini nina maswali na sitaki kumuuliza yeye, atanicheka mwaka mzima. Kwanza, mtu kama mimi ambaye hajawahi kushika gari ya mbio nitafanya nini pale, au nitakuwa wa kushika mwavuli? Pili alisema kwa mdomo wake "na wewe tutakupa uzungushe kidogo", hilo kweli linawezekana na leseni yangu ya Kenya? Tatu, na hili ndilo linanikuna, kwenye grupu lao la WhatsApp wananiambia nichange pauni mia mbili niwe mwenzao wa wikendi. Pauni mia mbili kwetu si pesa ya kutoa ukicheka. Nikishatoa nimenunua nini? Na gari ikigongwa je?

Mama yangu naye amesikia neno "mbio" tu, ameshaanza kusoma dua.

mpwani_wa_kent

Waaleikum salaam fundi. Mimi mtu wa Barani, nimekaa huku Kent miaka mingi na Brands Hatch nimeenda mpaka muuza chai ananijua kwa sura. Nilikuwa nikisaidia jamaa wa kazini, gari aina hiyo hiyo, kwa hivyo nakuambia niliyoyashika kwa mikono.

Kwanza futa picha ya Formula 1 kichwani. Hakuna watu ishirini wa sare wanaobadilisha tairi kwa sekunde mbili. Kuna trela, kuna hema linalopepea, jeki moja, sanduku la spana, jenereta inayokohoa, na watu wanne wanaulizana nani kaiweka wapi geji ya presha. Kwalifai, yaani kuzunguka kutafuta nafasi ya kuanzia mbio, ni robo saa au dakika ishirini hivi, na race nayo ni hivyo hivyo. Ukijumlisha siku mbili zote gari haifiki hata masaa mawili barabarani. Masaa mengine yote ni ya spana, chai na kungoja. Dereva anapata raha yake pale ndani, lakini wikendi yenyewe ni ya nyinyi mlio nje, hilo ndilo sikulijua mara ya kwanza nikadhani nimekuja kutazama.

Asubuhi mapema watu wanakwenda kutia saini, dereva anaonyesha leseni yake ya mbio, na nyinyi mnaomsaidia pia mnaandikishwa. Halafu gari inasukumwa kwa wakaguzi. Hawa hawana mchezo. Wanatazama helmeti ina stika ya kiwango kinachokubalika, ovaroli ya moto, mikanda haijapitwa na tarehe, kizimamoto, taa nyekundu ya nyuma ya wakati wa mvua, na wanashika kila gurudumu wanalitikisa hivi kama unavyomtikisa mtoto asiyetaka kuamka kwenda chuoni. Kitu kikicheza, unarudishwa.

Kazi yako wewe: kila gari ikirudi, pima presha tairi zikiwa bado za moto uandike. Kaza nati za tairi kwa ile spana ya kupimia mkazo, usikaze kwa hasira kama za lori. Tia petroli. Kagua viungo vya sospensheni kimoja kimoja maana gari hizi zinatikisika bolti zinajifungua zenyewe. Na kumfunga dereva mikanda, kwa sababu mle ndani ni pafinyu mno hawezi kujivuta mwenyewe, utamkaza mpaka aseme basi, halafu umkaze tena kidogo. Juu ya mabega ana kile kifaa kinachoshika helmeti isirushwe mbele shingo ikavunjika, mikanda inapita juu yake, hakikisha haijateleza.

Alaimenti mtapiga kwa kamba! Kamba mbili zimetandazwa sambamba na gari, rula ya chuma, unapima mbele ya rimu na nyuma ya rimu. Wewe fundi wa Malindi hapo utajiona nyumbani.

Kuendesha sahau. Hata siku za mazoezi za gari hizi huulizwa leseni ya mbio, na ya Kenya ya barabarani haihusiani. Zile siku za watu wa kawaida kujilipia kuzunguka na gari zao, nyingi hazitaki gari ya tairi nje ichanganyike na Golf na BMW. Binamu yako atakukalisha kwenye kiti gari ikiwa kwenye jeki upige picha, hiyo ndiyo "kuzungusha".

Na baridi! Usije na ndala, kwanza kule kwenye piti, pale gari zinapohudumiwa, hazikubaliki, pili vidole vitakufa.

mzee_casuarina

Kijana wa Kent kasema vizuri mimi naongeza mawili matatu, nilifanya kazi karakana za Wataliano hapa Malindi tangu ujana wangu na nikakaa Italia miaka minane, ugonjwa huu naujua. Hapa kwetu Jumapili ya Formula 1 kwenye baa za Wataliano Ferrari ikipita hata paka anasimama.

Hiyo Formula Ford msiidharau. Ilianza 1967 hapo hapo Brands Hatch, nia yake ilikuwa mtu wa kawaida apate gari ya mbio bila kuuza nyumba, wakachukua injini ya Ford Cortina, ndiyo ile Cortina mliyoiona kwa babu zenu, wakaiweka nyuma ya dereva kwenye fremu ya mabomba. Haina mabawa ya kuikandamiza chini. Haina tairi pana laini za kuganda kama gundi, ina tairi nyembamba zenye mistari. Injini 1600 inatoa nguvu farasi mia na kitu tu lakini gari yenyewe ni kilo mia nne na kitu, basi fanya hesabu. Kwa vile hakuna bawa wala kompyuta ya kumsaidia, dereva akikosea gari inamwambia papo hapo. Ayrton Senna, yule aliyekuja kuwa bingwa wa Formula 1, alipotoka Brazil 1981 alianzia humu. Jody Scheckter wa Afrika Kusini, aliyeipa Ferrari ubingwa 1979, naye alipita humu humu.

Sasa kwa nini nasema mama aendelee na dua. Sisi tumezoea Safari Rally, gari inaondoka peke yake, inaacha vumbi lake, inayofuata inangoja saa yake. Hizi zinaondoka zote pamoja, ishirini na kitu, zinafinyana kwenye kona ya kwanza. Gari ya kawaida mkigusana ni rangi na bampa. Hizi tairi ziko nje, na tairi ya nyuma ya mwenzako inazunguka kuja juu upande ulioko wewe, ukiigusa na tairi yako ya mbele inakupandisha kama ngazi. Gari inaruka. Hilo ndilo jambo moja linalozitofautisha na gari zote nyingine, na ndio maana waungwana wa mchezo huu wanapeana nafasi hata wakichukiana.

Brands Hatch ile fupi haifiki hata kilomita mbili kuzunguka, na kona ya kwanza, Paddock Hill, unaingia huoni chini, barabara inaporomoka kama unashuka kisimani, halafu inapanda tena mpaka kona kali ya Druids. Simama pale kwenye uzio mara moja uitazame gari yenu ikishuka. Mara moja tu, halafu rudi kwenye kazi.

mwana_wa_amu

Nyiye watu wa Malindi mna shida, mimi huku Amu gari yangu ina miguu mine na ikikataa ndia naipigia mluzi 😂 haina tairi za nje wala za ndani

Lakini nimesoma nikaona hiki kitu nakijua. Sisi kwenye mashindano ya mashua ni hivyo hivyo, watu wanamuona nahodha kashika usukani wanamshangilia yeye, hawajui kuna mtu kazi yake ni kuteka mayi tu mwanzo mpaka mwisho, kuna wa kuhamisha mifuko ya mchanga, kuna wale wanaotoka yuu ya ubao wakaning'inia nje na mawimbi yanawapiga usoni. Mimi nimekuwa wa kuteka mayi miaka mitatu na nikikuambia tulishinda nasema TULIshinda.

Kwa hivyo fundi shika mwavuli ukiambiwa. Mwavuli pia ni kazi

fundi_maweni

Wazee ahsanteni sana, nimecheka na nimeogopa kwa pamoja. @mzee_casuarina hiyo ya tairi kupanda tairi sijamwambia mama na sitamwambia.

Ya kuendesha nimefuta. Sasa bado ile ya pauni mia mbili hakuna aliyeigusa, mnaikwepa kama deni la duka.

bi_daftari

Niko hapa kaka. Mimi sijui gari hata moja, mume wangu ndiye kanionyesha huu mjadala, lakini pesa za marafiki nazijua, nimekuwa mweka hazina wa chama cha kina mama Watamu miaka sita na kabla ya hapo nilinunua pikipiki kwa shirika na rafiki yangu wa utotoni tukiamini urafiki wetu ni mkataba. Pikipiki iligongwa mwezi wa nne. Yeye anasema aliyekuwa ameikodisha ni mimi, mimi nasema aliyemchagua dereva ni yeye, mpaka leo tukikutana harusini kila mtu anakula upande wake wa jamvi.

Kwa hivyo usiulize "mia mbili ni nyingi au kidogo". Uliza inalipia nini. Kuna pesa zinazoliwa wikendi hiyo hiyo zikaisha, petroli, ada ya kuingia mashindanoni, chakula, hizo ni halali kuchangiana na ziandikwe. Kuna pesa za gari yenyewe, ambayo si yako, huna hisa, wakiiuza kesho hukatiwi chochote, hizo usitoe hata shilingi. Halafu kuna pesa za ajali, na hapa ndipo watu wanapokosana, maana bima ya kawaida hailipi gari iliyogongwa mashindanoni, sasa waulize kabla hamjatoka nyumbani, akiikunja dereva analipa nani? Wajibu kwa maandishi ndani ya hilo grupu lao kila mtu aone.

Na wewe unakwenda kufanya kazi siku mbili bure. Fundi wa huko siku mbili ni pesa ngapi? Waambie hivyo kwa upole, ukiwa umekaa.

mpwani_wa_kent

@bi_daftari umemaliza. Kwa hawa wenye gari za kushirikiana nilioona mimi, desturi ni aliyeko kwenye kiti ndiye anayelipa alichokunja, hata kama amegongwa na mtu mwingine. Inauma, lakini ukianza "si kosa langu yule ndiye aliyenifinya" hamtamaliza, kila ajali ya mbio ina wakili wawili.

dogo_mambrui

kwani lazima ulaya?? si tuchukue fremu tuweke injini ya pikipiki ya boxer tuzungushe ile lami ya sabaki kwenda gongoni saa kumi usiku hakuna gari, washkaji wako tayari, fundi rudi haraka

mzee_casuarina

Dogo. Saa kumi usiku kwenye hiyo barabara kuna ng'ombe, kuna lori za chumvi, kuna mama anayewahi soko na beseni kichwani. Brands Hatch kuna gari ya wagonjwa inayongoja injini ikiwa inawaka, kuna watu kila kona na bendera, njano usipite mtu hapa kuna hatari, nyekundu simameni wote, buluu nyuma yako kuna mwenye kasi, na wengi wa watu hao wa bendera wamejitolea, wanasimama kwenye mvua siku nzima kwa mapenzi tu. Wewe kwenye lami ya Gongoni bendera atakupungia nani, punda? Ukitaka kuanza tafuta vigari vya go-kart vya kukodi kwenye uwanja uliozungushiwa tairi, ulipie dakika zako kumi. Usitufungulie matanga.

dogo_mambrui

sawa mzee nimesikia 🙏 (lakini boxer ingewaka moto hiyo)

fundi_maweni

Nimerudi jamani. Wiki ya tatu sasa niko Malindi na kila mteja anayekuja lazima asikie hadithi, nikaona niwalipe na nyinyi deni.

Pesa kwanza. Nilimpigia binamu siku mbili kabla sijasafiri nikamwambia maneno ya Bi Daftari kama yalivyo, nikasema kazi nitatoa, chakula na petroli nitachangia, ya gari siwezi. Kimya kidogo. Halafu akacheka, akasema kwa kweli hata wao watatu hawajawahi kukubaliana nani analipa gari ikikunjwa, walikuwa wanaogopa kulianzisha! Usiku huo huo wakaandika kwenye grupu, aliyeko kwenye kiti analipa. Mimi nikatoa pauni sitini na pilau ya mabaki ya harusi, ambayo kusema haki ndiyo iliyowafurahisha zaidi.

Ijumaa ilikuwa ya mazoezi, jua zuri, nikajiona fundi kamili. Mchana nikapima presha nikaziweka sawa sawa kumi na tisa zote, nikaandika. Jumamosi asubuhi saa moja nakwenda kupima, zote nne ziko chini. Moyo ukanilipuka nikadhani nimetoboa tairi nne kwa mkupuo, nikaanza kutafuta puncha na mate kidoleni, jamaa wa hema la jirani, Mwingereza mzee na kofia ya sufi, ananitazama anatazama geji anasema kijana, ni baridi tu. Hewa imenywea. Sasa mimi Malindi asubuhi na mchana joto ni ndugu wa baba mmoja, ningejulia wapi? Nilijisikia mdogo kama nati ya nambari nane.

Jumamosi ilikuwa zamu ya binamu, Jumapili zamu ya mwenzake, kila siku kwalifai yake na race yake. Jumamosi mvua ikashuka kabla ya kwalifai. Tairi hazikubadilishwa, ni zile zile za jua na za mvua, walichofanya ni kufungua kile chuma kinachounganisha sospensheni ya kulia na kushoto ili gari iwe laini, na kulegeza shoksi. Binamu akapata nafasi ya kumi na tisa kati ya ishirini na nne. Gari ina stika ya manjano nyuma yenye X nyeusi, hiyo inawekwa na dereva mgeni mpaka amalize idadi yake ya mbio na kutiwa saini, ili wa nyuma wamuonee huruma au wajihadhari, sijui ni kipi. Yeye alikuwa amebakisha saini moja.

Race. Mzee Casuarina nilikwenda kwenye uzio pale Paddock Hill kama ulivyoniambia, mara moja. Taa za kuanzishia race zimezimika kule juu nikasikia kitu kama nyuki wa msitu wote wa Arabuko wametolewa pamoja, halafu wakatokea, wakamwagika kwenye ule mteremko ishirini na nne, maji yanaruka huoni mtu, unaona taa nyekundu tu zinaning'inia hewani. Yetu siioni. Naihesabu kumi na tano, kumi na sita, siioni. Halafu ikatoka kwenye ukungu wa maji upande wa ndani kabisa, pembeni ya gari ya kijani, tairi kwa tairi sijui nafasi ya kidole, na yule wa kijani akamuachia. Akamuachia tu! Nikakumbuka maneno yako. Nikarudi kwenye hema miguu inatetemeka, raundi zilizobaki nilizisikiliza tu sikuzitazama. Alimaliza wa kumi na tano na tulishangilia kama tumechukua kombe, @mwana_wa_amu TULImaliza wa kumi na tano.

Sasa hapa ndipo kazi yangu. Alipotoka ndani akasema pedali ya mafuta inakwama kwama. Kila mtu akaanza na kabureta. Mimi nikainama nikafuata waya wa aksileta kutoka mbele mpaka nyuma, na pale unapoingia kwenye kabureta nyuzi nne zimeshakatika, zimejikunja zinakwaruza kwenye ganda. Ule waya ungekatika raundi ya kesho, au mbaya zaidi ungekwama mafuta yakiwa wazi wakati anashuka Paddock Hill. Spea hawana. Yule mzee wa kofia, mwenye gari ambayo tumetoka kuipita, akatoa waya mpya kwenye sanduku lake hata hakuuliza bei. Lakini ni mrefu na kichwa chake hakiingii. Wakatazamana. Nikawaambia nipeni moto na risasi ya kulehemu. Jamani nimetengeneza nyaya za pikipiki ngapi hapa Maweni? Nikakata, nikaufumua mwisho ukawa kama ua, nikauvisha kichwa cha shaba, nikatia risasi, nikapiga tupa. Dakika ishirini. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote mbele yao. Yule mzee akaushika, akaugeuza geuza, akasema neno moja, "lovely", akaondoka na kikombe chake cha chai.

Jumapili kulikuwa kukavu na mwenzake binamu ana haraka kidogo, raundi ya sita akaizungusha Druids, tako la gari likagonga mwenziwe na mkono mmoja wa sospensheni ukakunjwa. Akaja anachechemea akamaliza wa kumi na saba. Akavua helmeti akatazama, akatazama simu, akasema haya, nalipa mimi. Yakaisha hapo. Jioni tukala pilau ya mwisho kwenye gari ya kuvuta trela vioo vimejaa mvuke, hakuna aliyenuna. Bi Daftari, ningekuwa na uwezo ningekutumia mkono huo uliokunjika uuweke ukutani kwenye chama.

Kwenye kiti nilikaa, kwenye jeki, picha ninayo.

bi_daftari

Usiniletee vyuma kaka. Ila pauni mia na arobaini ulizookoa nimeziona 😄

mwana_wa_amu

hiyo stika je, walikupa? maana kasema saini ilibaki moya

fundi_maweni

Walinipa ndiyo! Saini ya mwisho ilitiwa Jumamosi, binamu akaibandua kwa taratibu na mashine ya kukaushia nywele akaniambia wewe ndiye mgeni sasa. Nimeibandika nyuma ya tuktuk yangu. Siku ya kwanza tu napita karibu na soko la zamani, mama mmoja amepanda na mizigo yake, ameitazama weee, halafu ananiuliza kwa huzuni kabisa, "Mwanangu, mpaka na tuktuk nazo wamezipiga X? Mnabomolewa lini?"